Damu ya Mzee, Mkono wa Pili

"Sketi yangu hata moja ikirudishwa getini, nitaivaa mimi mwenyewe, nisimame mstarini na watoto, na wimbo wa shule niuimbe mpaka mwisho."

Maneno hayo aliyasema mama yangu mdogo, fundi cherehani, akiwa amesimama katikati ya ukumbi wa sekondari ya wasichana, mbele ya wazazi, walimu na mwalimu mkuu mwenyewe. Aliyasema kwa sauti ya mtu ambaye hakupewa kipaza sauti na hakukihitaji. Waliokaa mbele wakapiga makofi. Waliokaa nyuma wakacheka, kila mmoja akijaribu kichwani mwake kumwingiza Mama Mdogo kwenye sketi ya marinda ya kidato cha kwanza, na kila mmoja akikwama kwenye nyonga.

Chanzo kilikuwa rangi. Mwalimu mkuu alikuwa ametoka kutangaza kwamba mwaka mpya wa shule utakuja na sketi mpya: bluu imestaafu, sasa ni damu ya mzee. Ukumbi ukavurugika hapo hapo. Damu ya mzee kila mtu anaijua, ila hakuna wawili wanaoijua moja. Mama mmoja akasema ni kama tofali lililolowa mvua. Mwingine akasema hapana, ni kama kochi lake la sebuleni, asiyeamini akalione. Baba mmoja wa nyuma akanyoosha mkono, akauliza kwa adabu zote, "Samahani, tunazungumzia mzee gani? Maana kuna mzee mwenye presha, na kuna mzee aliyepungukiwa damu."

Walicheka wote isipokuwa mwalimu wa nidhamu. Huyu wanafunzi wanamwita Rula, kwa sababu amenyooka kuanzia viatu hadi masharubu, na kwa sababu hajapata kuonekana bila shati jeupe la mikono mirefu, lililopigwa pasi mpaka mikunjo yake ingeweza kukata mkate. Rula alikwenda dirishani, akanyoosha kidole nje.

"Damu ya mzee ni ile pale," alisema.

Ukumbi mzima ukageuka. Pale nje palikuwa na geti la shule, limetoka kupakwa rangi wiki ile ile.

"Siku ya kufungua shule nitasimama pale. Sketi itawekwa kwenye geti. Ikifanana, mtoto anaingia. Isipofanana, inarudi nyumbani, na mwenye kuivaa anarudi nayo. Sitaki mjadala wa wazee."

Hapo ndipo Mama Mdogo aliposimama. Geti lile alikuwa amelipaka mumewe, Baba Mdogo, fundi rangi.

"Geti hilo kalipaka Baba Kifungo," alisema. "Kopo la rangi yake liko kwangu, uvunguni mwa kitanda. Kuna mwingine humu analala juu ya damu ya mzee?" Hakuwepo. Basi akaongeza yale ya kuivaa mwenyewe, akakaa, akajipepea na mkoba. Kabla mkutano haujafungwa, wazazi wa kidato cha kwanza karibu wote walikuwa wameshapanga foleni mbele yake kupimwa viuno vya watoto ambao hata hawakuwepo. "Ni mwembamba kama mimi," mama mmoja alisema, na Mama Mdogo akamtazama, akaandika kipimo alichojua yeye.

Nyumba yao ni vyumba viwili na ukumbi mdogo. Ukumbi ndio kiwanda: cherehani imewekwa dirishani ili ipate mwanga, meza ya kukatia iko katikati, na ukitaka kupita kwenda jikoni unapita kiubavu. Baba Mdogo ameweka ngazi yake na ndoo zake nyuma ya mlango, kwa hiyo mlango haufunguki wote, na wageni wanene husalimiwa nje. Wana watoto wawili. Mkubwa ni binti, anaitwa Kifungo tangu alipomeza kimoja akiwa na mwaka mmoja na nusu. Ana akili, ana haya, na alikuwa amechaguliwa kuingia kidato cha kwanza katika sekondari hiyo hiyo. Mdogo ni Zipu, wa darasa la pili. Yeye aliitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haufungiki.

Jioni ya siku ya mkutano, Zipu, aliyekuwa amefuatana na mama yake, ndiye aliyempa baba yake habari zote, akiwa amesimama juu ya kiti na kumwigiza mama yake mpaka kujipepea na mkoba. Baba Mdogo alikuwa anakula. Akaacha kutafuna.

"Kasema kopo liko kwake?"

"Uvunguni mwa kitanda."

"Na Rula kasema sketi zitawekwa kwenye geti? Zigusane?"

"Ndiyo, Baba. Isipofanana inarudi."

Baba Mdogo ni mtu mpole, mwembamba, asiye na haraka. Hajawahi kuchelewa kazini, kwa sababu hajawahi kumwambia mtu atafika saa ngapi. Usiku ule alimeza tonge, akatazama sahani, akasema amechoka, akaenda kulala. Pale ndipo alipotakiwa kusema. Hakusema, na likizo ikaanza.

Mama Mdogo alichomoa kopo uvunguni, akabandua mfuniko uliokuwa umegandia rangi upande wa ndani, akaufunga kwenye gazeti, akaenda nao duka la vitambaa. Muuzaji alipanga majora yote mekundu juu ya kaunta, na Mama Mdogo akawa anauweka mfuniko juu ya kila moja, akitoka nao mlangoni kwenye jua, akirudi, akitoka tena. Mwenye duka alimwambia hajawahi kuona mtu akichagua kitambaa kwa kopo. "Na hujawahi kuona sketi itakayofanana na geti," Mama Mdogo alimjibu. Akapata jora moja la tetroni ambalo ukiuweka mfuniko juu yake, unautafuta kwa mkono.

Akashona. Likizo nzima nyumba ilikaa kwenye hali ya wekundu: nyuzi nyekundu kwenye soksi, nyuzi nyekundu kwenye sabuni, siku moja Zipu akatoa moja ndefu kwenye chai yake kama mvuvi. Sketi zilipangwa juu ya kitanda cha watoto kwa mafungu, na watoto wakalala chini. Kifungo ndiye aliyepiga pasi marinda yote. Yake ilishonwa kwanza, ikatundikwa ukutani, na kila asubuhi aliigusa kidogo kabla ya kwenda kuchota maji, kama mtu anayehakikisha kwamba bado ipo.

Jumamosi ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, wazazi walianza kuja kuchukua. Asubuhi akaja Nesi wa zahanati, jirani, ametoka zamu na bado yuko na sare yake. Akapokea sketi ya binti yake, akaisifia mshono, akaaga. Haukupita muda mrefu akarudi, na sketi iko mkononi, imetolewa kwenye mfuko.

"Mama Kifungo, nimepita pale shuleni."

"Enhe."

"Hii si rangi ya geti."

Mama Mdogo aliondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani. "Umeiangalia kwenye kivuli."

"Nimeiangalia kwenye kivuli na kwenye jua. Dada yangu, mimi damu naiona kila siku kazini. Hii na ile ya getini si ya mtu mmoja." Nesi akashusha sauti, maana Kifungo alikuwa amesimama mlangoni na pasi mkononi. "Sikuja kukugombeza. Nimekuja mapema ili usisikie kwa wengine. Binti yangu ndiyo anaanza, na wako pia anaanza. Sitaki warudishwe mbele za watu."

Mama Mdogo alitoka na kandambili za ndani. Alichukua sketi ya Kifungo ukutani, akaiviringisha kwenye kanga, akatembea mpaka shuleni na binti yake nyuma yake. Geti lilikuwa limefungwa. Akaikunjua sketi, akaiegemeza kwenye chuma.

Hakuna haja ya kuzungusha maneno. Sketi ilikuwa nyekundu iliyokolea, yenye uhai ndani yake, damu ya mzee ambaye bado anagombana na majirani. Geti lilikuwa jeusijeusi, rangi ya ini. Mzee wa geti alikuwa amezikwa zamani. Mama Mdogo aliinua sketi, akaishusha, akaihamishia upande wa pili wa geti, kana kwamba upande wa pili ungekuwa na huruma. Kifungo alisimama akitazama barabarani asije akapita mtu.

"Mama," alisema mwishowe, "ukiivaa mbele ya shule, mimi nahama nchi."

Baba Mdogo walimkuta kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, anaosha brashi. Alipoona kanga inavyoshikwa, akaacha kuosha.

"Baba Kifungo. Geti ulipaka nini?"

"Damu ya mzee."

"Nimekuuliza ulipaka nini."

Baba Mdogo alizungusha brashi ndani ya kopo la thina, mara moja, mara mbili. "Rangi ilikuwa inaelekea kuisha, na upande mmoja wa geti bado. Ningepaka upande mmoja mzito na mwingine mwepesi, ungeona geti lina miguu ya watu wawili. Kwa hiyo nikaongezea."

"Ukaongezea nini?"

"Nyeusi. Ilibaki ya zile nondo za madirisha. Nikachanganya kwenye ndoo, nikapaka yote upya, ikatoka sawasawa."

"Nyeusi kiasi gani?"

"Kidogo. Kama chumvi."

"Chumvi ya nani? Maana kuna watu humu nyumbani wanaweka chumvi kwa mkono."

Baba Mdogo alikung'uta brashi.

"Na ulijua. Tangu siku ile Zipu anakuhadithia, ulijua. Nimetembea na mfuniko mjini kama kichaa, nimekata jora zima, unapita hapo kila siku unaruka vitambaa vyangu, na unajua."

"Nilidhani tofauti ni ndogo," alisema Baba Mdogo. "Halafu ulipokata kitambaa, nikasema nikisema sasa ni kukuumiza tu."

"Basi umesubiri nisiumie."

Kutoka hapo nyumba iliingia kwenye ule ukimya ambao hata kijiko unakiweka mezani kwa mikono miwili. Kitambaa kilichokatwa hakirudi dukani, hilo hawakulizungumza. Mama Mdogo alijaribu njia pekee iliyobaki: alimtuma Zipu dukani kununua rangi nyeusi ya unga ya kutilia nguo, akachemsha sufuria, akatupia vipande vya tetroni vilivyobaki kwenye kukata. Walisimama wote wanne jikoni wakitazama mvuke. Lakini tetroni si pamba, haikubali kunywa rangi. Vipande vilitoka na madoa, vyekundu huku, vya kijivu kule, kama ng'ombe.

"Ng'ombe," alisema Zipu.

"Funga," alisema mama yake.

Kifungo alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, magoti pamoja. "Sketi ya bluu ya binamu ipo," alisema polepole. "Naweza kwenda na hiyo. Nikirudishwa, nirudishwe peke yangu."

Mama yake alihesabu kichwani. Kwenye mafungu yale kitandani kulikuwa na sketi za karibu darasa zima. Asingerudishwa mmoja tu. Wangerudishwa foleni nzima, siku yao ya kwanza, kwa sababu ya mdomo wa mtu mmoja, na mwenye mdomo angesimama mstarini amevaa marinda. Na baada ya siku hiyo hakuna mzazi ambaye angemletea hata kitufe akazie.

"Utakwenda na sketi niliyokushonea," alisema Mama Mdogo.

Baba Mdogo alikohoa. "Kuna mkono wa pili," alisema.

Hakuna aliyemwelewa.

"Geti. Ile yote ni mkono wa kwanza, rangi ya kutangulia. Mwalimu mkuu alisema mkono wa pili niupake kabla ya kufungua shule. Sijaupaka."

Mama Mdogo aligeuka taratibu, mwiko bado unadondosha maji meusi. "Kwa nini hujaupaka?"

"Nilikuwa nasubiri jua."

"Jua lilikuwepo likizo nzima."

"Lilikuwepo, lakini halikuwa limetulia."

Pengine ni mara ya kwanza katika historia ya nyumba ile uvivu wa Baba Mdogo kutazamwa kwa matumaini. Mama Mdogo aliweka mwiko chini. "Ile ya kopo," alisema. "Bila nyeusi. Bila chumvi. Bila ubunifu wowote."

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Duka la vifaa vya ujenzi lilifunguliwa mchana, mwenye duka akiwa bado na nguo za ibada, na Baba Mdogo akanunua kopo la aina ile ile, namba ile ile. Mama Mdogo alilifungua pale pale kaunta, akachovya kijiti, akakipaka kwenye pindo la ndani la sketi aliyokuja nayo. Akalisogelea dirisha. Doa halikuonekana. Kwa mara ya kwanza tangu Nesi aondoke alivuta pumzi hadi mwisho.

Mlinzi wa shule aliwapokea kwa wasiwasi wa kikazi.

"Sina taarifa ya rangi."

"Mkono wa pili, mzee wangu," alisema Baba Mdogo. "Mwalimu mkuu aliagiza kabla ya kufungua."

"Kufungua ni kesho."

"Basi si bado ni kabla?"

Mlinzi aliwaza, akaona ni kweli, akavuta kiti chake pembeni.

Mawingu yalikuwa yamekaa chini. Baba Mdogo alipiga msasa, akafuta vumbi, akapaka mstari wa kwanza. Akasimama, akarudi nyuma hatua kadhaa, akainamisha kichwa. Mama Mdogo naye aliinamisha.

"Inachungulia," alisema Mama Mdogo.

"Ile ya chini nyeusi. Juu yake ukipaka nyembamba, itachungulia tu."

"Paka nene."

"Nene haikauki mpaka asubuhi. Hasa na hali hii." Akaonyesha mawingu kwa brashi. "Nikiipaka nyembamba inakauka, ila si rangi yako. Nikiipaka nene ni rangi yako, ila mbichi. Chagua, mama. Safari hii nakwambia kabla."

Mama Mdogo alitazama geti, akatazama sketi mkononi mwake. Mlinzi akaacha kutafuna kijiti chake ili asikie.

"Nene," alisema.

Akapaka nene. Alipaka kwa uangalifu ambao mkewe hakuwahi kuuona, akifuata kila nondo, akikamata kila tone kabla halijatiririka, haimbi, hapigi soga. Mama Mdogo alisimama nyuma yake na sketi kama mtu aliyeshika kioo cha kinyozi, akiilinganisha kila hatua. Walipomaliza, jua lilikuwa limeshaondoka bila kuaga. Geti lilikuwa jekundu, zito, linang'aa kama limetoka kuoga. Zipu alionywa njia nzima ya kurudi nyumbani kwamba kesho hajui chochote kuhusu geti lolote.

"Nikiulizwa?"

"Huulizwi. Wewe ni wa darasa la pili."

"Nikiulizwa lakini?"

Mama yake akamvuta mkono, wakaongeza mwendo.

Jumatatu asubuhi kulikuwa na umande. Kifungo alivaa sketi yake na blauzi nyeupe, akatia mkate wake mfukoni bila kuumega. Mama Mdogo aliondoka naye mapema, Zipu akining'inia mkononi kwa sababu shule yake iko ng'ambo ya barabara ile ile. Baba Mdogo alisema atakuja. Hakusema saa ngapi.

Geti lilikuwa limefunguliwa nusu. Mlinzi alikuwa ameshalijaribu kwa mgongo wa kidole, akaona limeshika, akaondoa kibao cha RANGI MBICHI alichokuwa ametundika usiku. Mama Mdogo alijifanya anarekebisha kandambili, akaenda kwenye kona ya chini ambayo hakuna anayeitazama, akabonyeza kwa kidole gumba. Ngozi ya juu ilikuwa kavu. Chini yake rangi ikazama kama utando wa maziwa. Akatoa kidole, alama ya gumba lake ikabaki pale, mistari yote.

Aliposimama wima, Rula alikuwa ameshafika.

Shati lilikuwa jeupe mno. Nyuma yake wasichana walikuwa wanajipanga, wazazi pembeni, Nesi miongoni mwao akiwa ameshikilia mkoba kifuani kwa mikono miwili. Rula alitazama geti. Akatazama foleni. Akatazama geti tena.

"Wa kwanza," alisema.

Wa kwanza alikuwa Kifungo. Si kwamba alitaka. Wenzake walirudi nyuma wote hatua moja, yeye akabaki alipokuwa.

Sasa Mama Mdogo alikuwa na maneno mawili mdomoni: ni mbichi. Angeyasema, Rula angeuliza kwa nini, lini, na nani, na ya chini ilikuwa rangi gani. Na asingeyasema, binti yake alikuwa anakwenda kugandishwa kwenye chuma. Alifungua mdomo.

Kifungo alikuwa ameshaona uso wa mama yake. Akashika pindo la sketi mwenyewe kwa vidole viwili, akalisogeza mpaka karibu na geti, bila kugusa. "Tazama, Mwalimu," alisema kwa sauti ndogo.

Lakini Rula si mtu wa karibu. Alilichukua pindo, akalilaza kwenye geti, akalipapasa kwa kiganja kizima ili linyooke, kiwiko na mkono wa shati vikiegemea chuma. Akainama. Akafumba jicho moja.

Foleni ilinyamaza. Hata Zipu alinyamaza, jambo ambalo lingetosha kumshtua mtu yeyote anayemjua.

"Sawa," alisema Rula. "Hii ndiyo damu ya mzee."

Akaachia. Sketi haikuachia. Ilibaki yenyewe ubavuni mwa geti, na Kifungo akiwa ndani yake. Ikabidi aivute polepole, nayo ikatoka na sauti ya kubandua plasta. Kila mtu alilitazama pindo. Halikuwa na kitu. Yaani lilikuwa na rangi ya mafuta, kiganja kizima cha Rula na vidole vyake vyote, lakini hakuna jicho lingeweza kuipata, kwa sababu sketi na rangi vilikuwa kitu kimoja. Pale lilipokuwa limekunjamana, sasa lilikuwa gumu kidogo. Basi.

Mkono wa shati ndio uliokuwa habari nyingine. Kuanzia kwenye kifungo hadi kiwiko, Rula alikuwa amevaa damu ya mzee.

Aliuinua mkono ule kwenye mwanga. "Nani amepaka hapa?"

"Baba," alisema Zipu.

"Lini?"

Zipu alimtazama mama yake, akaona macho, akajitahidi kwa nguvu zake zote. "Mimi ni wa darasa la pili," alisema.

"Ni mkono wa pili, Mwalimu," alisema Mama Mdogo. "Mwalimu mkuu aliagiza upakwe kabla ya kufungua. Umepakwa kabla ya kufungua."

Rula alitazama geti, akatazama sketi ya Kifungo, akatazama foleni nyekundu iliyonyooka nyuma yake, sketi moja baada ya nyingine, zote rangi moja na geti. Kuna jambo alilitafuta pale. Lilikuwa mbele yake, tena kubwa, lina bawaba na komeo, lakini yeye mwenyewe ndiye aliyesema sketi ifanane na geti, na ilifanana. Akamtazama Kifungo.

"Ingia darasani."

Kifungo aliingia. Hakukimbia, hakugeuka nyuma. Alipofika kwenye kona ya madarasa tu ndipo alipoingiza mkono mfukoni, akatoa mkate, akauma.

Waliobaki Rula aliwapitisha kwa macho, mikono yake ameishika mbali na mwili kama mtu aliyetoka kuchinja. Hakugusa sketi nyingine. Nesi alipita karibu na Mama Mdogo, akamfinya mkono, akasema chini chini, "Ya mtu mmoja kabisa." Baba Mdogo alitokea wakati huo, na chupa ya thina na kitambaa, akamwona mwalimu, akaona shati, akafikiria kugeuza, akachelewa.

"Mwalimu, pole," alisema Mama Mdogo. Alikuwa ameshalipima lile shati kwa macho: mabega, shingo, urefu wa mkono. "Usisumbuke kulifua, halitatoka. Nitakushonea lingine, jeupe hivyo hivyo. Kesho kutwa unalo. Kushona ndiyo kazi yangu."

Rula alifikiri kidogo.

"La dukani," alisema.

Mama Mdogo hakujibu. Wanaomjua wanasema kabla ya hapo hawakuwahi kumwona akikosa jibu, na kwamba neno lile la getini lilimkaa usoni siku nzima. Mchana alikwenda mjini, akaingia duka la nguo zilizoshonwa tayari, mahali ambapo alikuwa ameapa hataingia. Alilitoa shati kwenye nailoni, akaligeuza ndani nje, akamwonyesha muuzaji mahali mshono wa kwapa ulipopinda, mahali uzi haukufungwa, na kitufe ambacho kingedumu mpaka mwisho wa mwezi kama mvaaji hapumui sana. Muuzaji akamsikiliza mpaka alipomaliza.

"Shati jeupe la mikono mirefu ni elfu kumi na nane," alisema, na Mama Mdogo akafungua mkoba.